Kamera Niliyoiogesha

Mimi ni mkuu wa usafi wa vyumba katika loji moja hapa Mikumi, na kazi yangu ina harufu moja tu, sabuni. Siku hizi tunatumia ya unga, inayokuja kwenye mifuko mikubwa na kunukia maua nisiyoyajua. Mwezi uliopita mzigo ulichelewa, dobi akaenda kununua sabuni ya mche dukani, na nilipofungua mlango wa chumba cha kufulia harufu yake ilinipokea nikalazimika kushika fremu ya mlango. Wasichana walidhani presha imepanda. Mmoja alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanipepea kwa foronya. Nyinyi wa rika langu, mliokua na mche mmoja wa sabuni kwa nguo, vyombo na mwili, mtanielewa. Hawa wa leo nisingejua nianzie wapi kuwaeleza.

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimepigiwa simu kutoka Magole. Kaka Salumu, mtoto wa shangazi yangu, alikuwa amefariki huko alikohamia, na tuliambiwa akiwa amekwisha kuzikwa, kama wanavyoambiwa watu wa mbali. Hawakukosea. Tulikuwa watu wa mbali, na aliyetuweka mbali ni mimi, kwa sabuni kama ile ile, nikiwa na miaka minane. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yana wajukuu wake sasa.

Baba alikuwa mpiga picha Kilosa mjini, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, jirani na stesheni. Kamera yake ilikuwa ya Kijerumani, kisanduku cheusi kilichosimama wima, chenye macho mawili, moja juu ya jingine. Haikuwekwa usoni. Baba aliining'iniza kifuani kwa mkanda wa ngozi, akafungua kifuniko cha juu na kuinama, na humo ndani, kwenye kioo cha mraba, mteja alionekana mdogo, na rangi zake zote, ila kulia kwake kumekuwa kushoto. Siku nilizokuwa na adabu aliniinua nichungulie. Nilimwona mama uani akianua nguo. Kwenye kioo anakwenda huku, nikiinua macho anakwenda kule, nikaamini kabisa kwamba tuna mama wawili na baba anaficha mmoja.

Filamu yake ilikuwa pana, upana wa vidole vitatu, na ilitoa picha kumi na mbili tu. Baba aliagiza Dar es Salaam kwa mtu wa treni, na bei yake ilimfanya awe mchoyo wa kidole. Hakubonyeza mpaka mteja ameacha kucheka, kupumua na, nadhani, kufikiri. Filamu isipojaa haikutolewa, kwa hiyo bwana harusi wa mwezi huu alingoja watoto wa mwezi ujao wajaze nafasi zilizobaki ndipo amwone mkewe kwenye karatasi. Watu walinung'unika lakini walingoja, maana mwingine wa kuwapiga hakuwepo.

Bibi, mama yake baba, hakuisamehe kamera ile hata siku moja. Baba aliinunua kwa bwana mmoja wa mashamba ya katani aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, na ili kuipata aliuza shamba la mpunga kule bondeni, shamba lenye maji mwaka mzima. Kila alipopita uani na mkanda shingoni, bibi alisema, "Mtazameni mwanangu. Wenzake hulima shamba, yeye kalivaa." Baba alicheka, mama hakucheka. Mama alijua gharama ya kila kitu mle ndani, kwa sababu ndiye aliyekaa chumba cha giza akizitoa picha, akihamisha karatasi kutoka beseni hili kwenda lile kwa koleo la mbao mpaka sura za watu zikajitokeza majini. Kazi ya picha niliyoiona mimi ilikuwa kazi ya mabeseni na maji, na naomba mlikumbuke hilo.

Baba alipoanza kuumwa kifua, mama akaivaa kamera yeye. Wanawake wa mjini walifurahi kuliko walivyoonyesha. Mbele ya mama waliweza kuvua mabuibui, wakapigwa picha na misuko yao na hereni zao, jambo ambalo waume zao wasingeliruhusu mbele ya baba. Walikuja kwa makundi. Baba akiwa kitandani alisikia vicheko vyao, akamwambia mama, "Nikiondoka, hiyo usiiuze. Huyo ndiye mume aliyebaki." Mama alimkataza kusema maneno hayo, lakini aliyashika.

Baba alifariki mwanzoni mwa kiangazi. Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, na kamera ikafungwa kwenye kanga, ikawekwa katika sanduku la mbao ndani ya chumba cha giza. Mama hakuingia humo. Kila alipojaribu alilia. Lakini mpango wake tuliujua sote. Eda ingekwisha wiki chache kabla ya Idd, na Idd ndiyo mavuno ya mpiga picha. Filamu nne zilikuwa zimebaki. "Hizo ndizo chakula chetu mpaka masika," aliniambia akinisuka, "na sare yako ya shule, na kodi ya nyumba. Mungu akipenda hatutamlilia mtu."

Aliyetushika mkono siku hizo ni kaka Salumu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyetoka Lumuma na gunia la vitunguu kuja kwenye mazishi, akabaki. Kwa kuwa mama hakutoka nje, maji aliteka yeye, kuni alipasua yeye, sokoni alikwenda yeye. Kila asubuhi alisimama nje ya dirisha na kusema, "Shikamoo mama, maji yapo mlangoni," na mama akaitikia marahaba bila kuonekana. Kwa mila ya kwetu Wasagara, mtoto wa dada ndiye mrithi wa vyombo vya kazi vya mjomba wake. Kila mtu alijua kwamba kamera ile, kwa haki, ilikuwa ya Salumu.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, wazee walimwuliza anasemaje. Aliomba kwanza aione. Ikaletwa, akafungua kanga, akaishika muda mrefu mbele ya watu wote, kisha akairudisha. "Mjomba alimfundisha mama, hakunifundisha mimi," alisema. "Akimaliza eda aifanyie kazi. Mimi nikitaka picha nitakuja kupigwa." Watu walicheka, bibi akalia. Nilijivunia sana kuwa na ndugu kama yule.

Kesho yake ilikuwa siku ya kufua. Kwetu vitu vya marehemu hufuliwa kabla ya kugawiwa: kanzu, mashuka, mkeka, hata kikombe chake cha chai. Wanawake walijaa uani na mabeseni, miche ya sabuni ikakatwa kwa uzi, na bibi akakaa kwenye kigoda kusimamia. "Kila alichokishika mwanangu kioshwe," alisema. "Kisichooshwa kitamrudisharudisha njiani, hatafika." Mimi nilipewa kofia yake. Niliifua, nikaianika, halafu nikakaa kivulini nikifikiri. Baba hakushika kitu duniani kama alivyoishika kamera. Watu wazima wameisahau, na baba wa watu anahangaika njiani kwa uzembe wao.

Nilisubiri mpaka wanawake walipokwenda kula, nikaingia chumba cha giza na kuondoa blanketi dirishani nipate mwanga. Nilichukua beseni lile lile la mama la picha, nikajaza maji, nikavuruga kipande cha sabuni mpaka povu likapanda. Nilipoizamisha ilitoa viputo vingi, nikajua ilikuwa chafu sana. Macho yake mawili niliyaona yana kaukungu, kwa hiyo nikachota majivu jikoni na kuyasugua kwa kidole, kama tulivyosugua sufuria. Nikaosha na kile kioo cha juu, maana humo ndimo baba alimokuwa akitazama. Nikaikausha kwa upindo wa gauni, nikaiweka dirishani ipigwe na jua. Na kwa kuwa mtu akishaoga hupakwa mafuta, niliipaka mafuta ya nazi kila palipozunguka na kila palipofunguka, nikiyatia kwa unyoya wa kuku hata kwenye vitundu. Sijawahi kufanya kazi kwa upendo kama ule, kabla yake wala baada yake. Nikaifunga kwenye kanga yake, nikairudisha sandukuni na kumwambia baba aende salama.

Eda ilipokwisha mama alioga, akavaa nguo mpya, akafungua mlango wa mbele. Wateja wa kwanza, dada wawili waliotaka kuwahi kabla ya Idd, walikuwa wamekwisha kaa kwenye benchi na wanja wao. Mama akafungua kifuniko, akainama. Akainuka, akafuta kioo kwa kanga, akainama tena. Akabonyeza. Kamera ile ilikuwa na sauti ndogo, kama mtu anayekata ukucha, na sauti hiyo haikutoka. Akabonyeza mara nne, mara tano. "Rudini kesho," aliwaambia, akafunga kifuniko.

Alikwenda nayo Morogoro kwa fundi, nami nikaongozana naye kwa sababu nililia nisiachwe. Fundi alitandaza gazeti, akaifungua kwa bisibisi nyembamba, akachokonoa. Vumbi la kijivu likamwagika kwenye gazeti. Akalinusa. "Mama, humu kuna majivu," alisema. "Na mafuta. Hayakuingia yenyewe, kuna mtu kayatia." Vioo vilikuwa vimekwaruzika, na vyuma vya ndani vimegandana. Mama akauliza vioo vipya na vyuma vyake ni kiasi gani. Fundi alisema nchini havipo, vitaagizwa Ujerumani, akaitaja bei kwa sauti ya chini kama anayetoa habari ya msiba. Mama alicheka kicheko kimoja kifupi.

"Kwa hela hiyo nanunua shamba."

"Ndiyo, mama," fundi alisema. "Shamba zuri tu."

Njia nzima ya kurudi aliipakata kamera mapajani. Nilikuwa nangoja aniulize. Mungu ni shahidi wangu, angeniuliza kama ni mimi ningesema ndiyo. Lakini mtu mzima akikuta majivu na mafuta yamefichwa ndani ya kitu chake hafikirii mtoto na sufuria. Anafikiria dawa. Anafikiria ni nani alikishika kitu hicho muda mrefu mbele za watu, na ni nani alikuwa na haki nacho akakikosa.

Tulimkuta Salumu mlangoni na ndoo zake mbili. "Shikamoo mama," alisema. "Imepona?"

Mama hakuitikia. Sikuwahi kusikia shikamoo ikiachwa hewani namna ile, na sidhani kama Salumu aliwahi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema taratibu. "Ungeniomba, Salumu. Ningekupa. Hakukuwa na haja ya majivu."

"Majivu gani, mama?"

"Chukua ndoo zako. Maji yako siyataki tena."

Nilikuwa ubavuni kwa mama, nimeshika upindo wa kanga yake. Salumu alinitazama mimi, si mama. Alinitazama kwa macho ya mtu anayetafuta shahidi, kwani alikuwa ameniona siku ile ya kufua nikichota majivu jikoni, ila hakujua anakumbuka nini. Mimi nilijua. Nikajifunika kanga uso mzima, na nilipojifunua alikuwa ameondoka, ndoo zimebaki zimejaa.

Bibi alisimama upande wa Salumu, mjukuu wake, ugomvi ukawa wa ukoo, na kabla ya masika sisi tulikuwa tumehamia Mikumi, mama akiuza viazi na mayai ya kuchemsha kwa abiria wa mabasi. Mikono iliyokuwa ikizitoa sura za watu majini ikawa ya kumenya. Na mimi, ili niweze kulala, nilijipa imani yangu mwenyewe: pengine Salumu kweli alitia dawa, na majivu yangu yalikuja juu ya majivu yake. Niliishi na uongo huo mpaka darasa la sita, mwalimu wa sayansi alipotuonyesha jinsi majivu yanavyokwaruza kioo.

Hapo ndipo nilipojiwekea nadhiri ambayo sasa naiona ilivyokuwa ya kijinga. Niliapa kwamba nitasema siku nitakapoweka kamera nyingine ya namna ile mbele ya mama. Kwenda kwake na neno tupu niliona ni kumtukana. Nilipokuwa sina hata nauli, dunia ilikuwa inazitupa kamera zile. Watu walizigawa, walizichezesha watoto. Nilipoanza kushika mshahara, dunia ikazikumbuka. Nikaanza kuziona kwenye simu, kisanduku kile kile, macho yale yale mawili, zinagombewa na watu wasiozihitaji kwa chakula. Kila nilipoikaribia bei nilikuta imehama. Na nitasema lililo baya kuliko yote: kila ilipopanda, nilisikia nafuu. Kulikuwa na kitu kikubwa kuliko mimi kinachonikataza kufungua mdomo, na kitu hicho hakikuwa woga, kilikuwa bei.

Mwaka jana alifika mgeni mmoja, mama wa makamo, akiwa nayo. Niliikuta juu ya meza yake barazani, nikasahau shuka nililolishika. Akaniona, akanipa ishara niichukue. Niliiinamia, nikageukia kulia na mti wa nje ukaenda upande wake wenyewe, kama zamani. Niliuliza bei, mwongoza watalii akanitafsiria. Mgeni alisema ni kama milioni nne na nusu, kamera peke yake. Filamu moja ya picha kumi na mbili inakaribia elfu arobaini, na kuzitoa picha zenyewe inabidi zisafirishwe nje. "Anasema ni ghali kwa sababu hazitengenezwi tena," aliniambia, kisha akacheka. "Dada, wewe unaitakia nini? Simu yako si inapiga?" Nami nikacheka. Miaka tisa ya kudunduliza ilikuwa imenifikisha milioni tatu na kidogo.

Siku ile ya sabuni niliomba ruhusa nikarudi nyumbani mapema. Mama ninaishi naye. Nilimkuta mkekani akichambua mchele kwenye ungo, miguu ameinyoosha. Habari ya Salumu alikuwa ameipata pamoja nami, akasema innalillahi, akaendelea na kazi zake.

"Mama," nilisema, "yale majivu nilitia mimi."

Kidole chake kilisimama kwenye mchele.

"Niliiogesha. Siku ya kufua. Bibi alisema kila alichokishika."

"Na mafuta?"

"Ya nazi. Nilidhani ikishaoga inapakwa."

Nilingoja anipige. Nilitamani, mtu mzima mimi, anipige. Aliinua macho na kunitazama kama ananitafuta ndani ya kioo cha kamera. "Miaka yote hii," alisema.

"Nilitaka kwanza nikununulie nyingine, mama. Kila nikikaribia, bei inapanda. Ningekujaje mikono mitupu?"

"Bei," alisema mama. Alilirudia neno hilo mara ya pili, taratibu. "Kamera nisingeipata tena, hilo nililijua tangu kwa fundi. Salumu nilikuwa naye pale mlangoni. Neno lako lingetugharimu nini?"

Mama aliendelea kuchambua mchele mpaka ungo ukaisha. Halafu akauliza arobaini ya Salumu ni lini, nikamwambia.

"Basi siku ya pili yake watafua," alisema. "Ninunulie sabuni ya mche, miche minne. Nitakwenda kumfulia."

Nikamwuliza kama na mimi niende.

"Kamwombe ruhusa Salumu mwenyewe," alisema, na hakunitazama.

Arobaini ni kesho kutwa. Gari la Magole linapitia Kilosa, na mama amekwisha funga mzigo wake mdogo. Miche ya sabuni iko mezani, nyumba nzima inanukia. Zile milioni tatu ziko benki, na sijui tena ni za kununua nini.